GUNIA LA FEBRUARI: KWA NINI TUNAUZA KESHO YETU KWA BEI YA LEO?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na swahaba zake wote.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo sisi watu wa Misigiri na Iramba yote tunaliona kila mwaka kwa macho yetu, lakini ni nadra kulisikia mimbarini. Ni jambo la mtu kuuza gunia kabla halijawa gunia. Najua wengi mnaonisoma hamko huku. Mko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, wengine Muscat. Msome tu, kwa sababu kila mmoja wenu ana gunia lake la Februari, hata kama hajawahi kushika jembe.

Nianze na kisa, na kisa hiki kinanihusu mimi mwenyewe.

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, baada ya swala ya Isha, mtu mmoja wa jamaa yetu hapa msikitini alibaki mpaka watu wote wakatoka. Akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sheikh, nyumbani unga umekwisha tangu juzi. Niazime elfu hamsini, nikivuna nakurudishia." Ndugu zangu, pesa ile nilikuwa nayo. Sikuwa tajiri, lakini nilikuwa nimeweka fedha ya kununulia bati. Badala ya kumpa, nilimwambia asubiri, Allah yuko pamoja na wenye kusubiri, na baada ya dhiki huja faraja. Akaitikia, "Inshaallah sheikh," akavaa ndala zake akaondoka.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mfanyabiashara kule barabarani akauza magunia matatu ya alizeti. Alizeti yenyewe ilikuwa magotini, haijatoa hata ua. Akapewa elfu hamsini yake, akanunua unga, watoto wakala. Mwezi wa sita nikaona magunia yale yanapakiwa, na siku ile bei ya gunia moja ilikuwa imepita mara tatu ya ile aliyopewa yeye. Alikuwa amesimama pembeni anaangalia. Tuliposalimiana hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mimi nilimpa mawaidha, mwingine akampa elfu hamsini. Usiku ule aliyelisha watoto wake hakuwa imamu.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikihutubia kwamba watu wanauza mazao shambani kwa sababu hawana subira. Tangu kisa kile nimekuwa nikijiuliza: je, ni kweli tatizo ni subira peke yake? Haya ninayoyaandika leo ndiyo niliyoyafikia. Chukueni lenye haki, na mkiona nimekosea nisahihisheni kwa adabu.

*SABABU YA KWANZA: TUMEUMBWA HIVYO*

Tukubali kwanza kwamba mwanadamu anapenda cha haraka. Hili si tusi. Ni habari aliyotupa Muumba wetu mwenyewe. Katika Suratul Anbiyaa ametueleza kuwa mwanadamu ameumbwa na haraka. Katika Suratul Qiyama na Suratul Insan ametueleza kuwa tunapenda yaliyo karibu na tunaiacha nyuma Akhera. Na jina ambalo Qur'ani inaipa dunia katika aya hizo ni *al-'aajila*, yaani ile ya haraka, ile ya papo kwa papo. Dunia ina majina mengi, lakini hapa Allah amelichagua lile linaloonyesha ugonjwa wetu.

Msidhani ugonjwa huu ni wa wajinga. Tazameni siku ya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijria. Mtume (s.a.w) aliwaweka wapiga mishale hamsini juu ya kilima, akiwa juu yao Abdullah bin Jubayr (r.a). Amri ilikuwa wazi: wasiondoke pale, hata wakiwaona wenzao wananyakuliwa na ndege. Vita vikaanza, makafiri wakakimbia, mali ikaachwa uwanjani. Wale waliokuwa juu wakaanza kuambizana, ngawira hiyo, ngawira hiyo. Kiongozi wao akawakumbusha amri. Wengi wakashuka, akabaki na wachache. Khalid bin Walid, ambaye wakati ule alikuwa bado hajasilimu, akazunguka na farasi zake kwa nyuma ya kilima. Waislamu kiasi cha sabini wakauawa shahidi siku ile, akiwemo Hamza (r.a), ami yake Mtume. Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Hebu fikiri. Hawa walikuwa swahaba, na aliyewapa amri alikuwa Mtume wa Allah mwenyewe. Kilichowashusha ni kwamba ngawira waliiona kwa macho, na amri waliisikia kwa masikio. Jicho likalishinda sikio. Ndiyo maana katika Suratul Aal-Imran Allah amewaeleza kuwa wako kati yao waliotaka dunia na wako waliotaka Akhera, na papo hapo akaeleza kuwa amewasamehe. Basi wewe na mimi ni akina nani mpaka tujione tumesalimika?

Sasa upande wa pili, Hudaybiyya, mwaka wa sita. Waislamu kiasi cha elfu moja na mia nne wamefika karibu na Makka, wamevaa ihram, Kaaba iko mbele yao. Wanarudishwa. Mkataba unaandikwa ambao kwa macho ni hasara tupu, mpaka Umar (r.a) akaenda kuuliza, kwani sisi hatuko kwenye haki? Wakarudi Madina bila Umra, mioyo imevunjika. Allah akateremsha Suratul Fat-h na akakiita kile ushindi wa wazi. Miaka miwili baadaye, mwaka wa nane, Mtume aliingia Makka na watu elfu kumi.

Uhud walishuka kuchukua kilichoonekana wakapoteza kikubwa. Hudaybiyya walikiacha kilichoonekana wakapata kikubwa zaidi. Watu ni wale wale. Tofauti ni kwamba Hudaybiyya waliliamini neno la mwenye kuahidi kuliko macho yao. Lishike neno hilo la kuamini, tutalirudia.

*SABABU YA PILI: NJAA*

Hapa ndipo tunapokosea sisi wahubiri. Tunamchukua mtu mwenye njaa na mtu mwenye tamaa tunawaweka kwenye kapu moja, tunawachapa kwa fimbo moja ya subira.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Ukipanda Desemba au Januari, unavuna Mei na Juni. Januari, Februari na Machi ghala linakuwa limekwisha, nguvu inahitajika ya palizi, na watoto wanafungua shule. Ndiyo miezi mnunuzi anapita vijijini na pesa mkononi. Anaijua kalenda ya njaa kuliko mwenye njaa mwenyewe.

Na si hapa tu. Ndugu zetu wa Kagera wana neno lao, wanaita *butura*: mkulima anauza kahawa ingali ua kwenye mti. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wana *kangomba*: korosho inauzwa chapuchapu kwa mnunuzi wa pembeni kwa bei ya chini, ilhali upo utaratibu rasmi wa stakabadhi ghalani, ambao nchi imeutungia sheria tangu mwaka 2005. Serikali imekemea kangomba, imekamata watu, na mwaka 2018 ilipotangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, watu wa kangomba walisakwa sana. Na bado neno kangomba halijafa. Kwa nini? Kwa sababu ghala rasmi linalipa zaidi lakini pesa haiji siku ile ile, na mgonjwa aliyeko zahanati hawezi kuambiwa asubiri mnada.

Mjini nako wana ya kwao. Mnaijua mikopo ya kausha damu. Jina lenyewe wamelitoa wakopaji, na wamelitoa kwa haki. Unachukua laki leo, unaanza kurudisha wiki ijayo, ukichelewa wanakuja kubeba kochi na televisheni. Na ile ya kwenye simu ndiyo zaidi: ukichelewa wanawapigia watu walioko kwenye simu yako, mama mkwe wako anajua deni lako kabla ya mke wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha watu bila leseni. Sitini na tisa! Jiulize, wateja wa wote hao walikuwa wanatoka wapi? Walitoka kwetu, na wengine walikuwa saf ya kwanza.

Basi ndugu yangu, ukimwona mtu ameuza gunia la Julai kwa bei ya Februari, usikimbilie kusema huyu hana akili. Muulize kwanza nyumbani kwake kuna nini jikoni. Huenda amepiga hesabu vizuri kuliko wewe. Gunia la Julai ni kubwa, lakini mtoto halali na njaa mpaka Julai.

*SABABU YA TATU: HATUAMINIANI*

Hii ndiyo sababu tunayoizungumza kidogo na ndiyo kubwa.

Wataalamu wa Marekani waliwahi kuwajaribu watoto. Bwana mmoja, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, tangu miaka ya sitini alikuwa akimweka mtoto mezani na peremende laini moja na kumwambia, ukiila sasa ni hiyo tu, ukisubiri nirudi nitakupa mbili. Wengine walisubiri, wengine wakala. Watu wengi wakatoa hukumu kwamba mtoto anayesubiri ana akili ya maisha, anayekula ameshashindwa.

Lakini mwaka 2013 wakatokea wengine, wa Chuo Kikuu cha Rochester, wakaongeza jambo moja. Kabla ya peremende, waliwaahidi watoto rangi nzuri za kuchorea. Kundi moja waliletewa kama walivyoahidiwa. Kundi la pili waliambiwa samahani, hazipo. Ndipo wakaletewa peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3 tu.

Je, wale wa dakika tatu walikosa subira? Hapana. Walikuwa wamejifunza. Mtu mzima huyu ameshanidanganya mara moja, kwa nini nimwamini mara ya pili? Afadhali hii moja niliyoiona.

Sasa niambie, mkulima wetu amedanganywa mara ngapi? Ameweka mazao kwenye chama, hesabu haikuonekana. Amesubiri bei ipande, ikashuka siku aliyofungua ghala. Amechanga kwenye mchezo wa mtaani, mtunza pesa akahama mji. Amemkopesha ndugu yake wa tumbo moja, hajamwona tena. Na kijana wake ameambiwa asome atapata kazi, amesoma, yuko kijiweni anaweka mkeka wa mpira kila Jumamosi, au ameshuka Sekenke kubahatisha dhahabu. Kamari ni haramu, hilo halina mjadala, na Suratul Maida imelimaliza. Lakini ukitaka kumtoa kijana kwenye mkeka, jua kwanza nini kimemwingiza. Ameona njia ndefu haifiki, akatafuta ya mkato.

Ahadi ni deni, wamesema wazee. Jamii ambayo watu wake hawalipi madeni yao ya ahadi inazaa watu wasioweza kusubiri. Kila anayevunja ahadi anamfundisha mwenzake kuuza Februari.

Tazameni kisa cha Nabii Yusuf (a.s). Sote tunakikumbuka kwa ile ndoto ya ng'ombe saba. Miaka saba ya neema, mlime, mkivuna nafaka iacheni kwenye mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kisha itakuja miaka saba ya shida. Tunakitumia kufundisha akiba, na ni sawa, akiba haiozi. Lakini tunaruka jambo moja. Nchi nzima iliweza vipi kusubiri miaka saba na chakula kiko ghalani? Kwa sababu ghala lilikuwa na mtu. Yusuf aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, na alitaja sifa zake mbili: kwamba yeye ni mtunzaji na ni mjuzi. Amana na ujuzi. Watu husubiri palipo na Yusuf. Pasipo na Yusuf, kila mtu anakula mashuke yake yakiwa mabichi, na huwezi kumlaumu.

*SASA SHERIA INASEMAJE?*

Wengi wananiuliza kwenye simu, sheikh, kuuza alizeti ikiwa shambani ni halali au haramu? Nijibu kwa ufupi, kwa sababu hapa watu wanachanganya mambo matatu.

La kwanza, kuuza mazao ya shamba hili hasa kabla hayajaonyesha kukomaa. Hili Mtume (s.a.w) amelikataza, na amemkataza muuzaji na mnunuzi wote wawili, kama alivyopokea Ibn Umar (r.a) katika Bukhari na Muslim. Na sababu yake imetajwa: Allah akiyazuia mazao yale, kwa haki gani utaichukua mali ya ndugu yako?

La pili, *bei salam*. Mtume (s.a.w) alipofika Madina aliwakuta watu wanalipana kabla kwa ajili ya tende za mwaka mmoja na miwili mbele. Hakuwakataza. Aliwaelekeza kwamba anayelipa kabla, alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hapa hununui shamba lile, unanunua kiasi fulani cha mazao ya sifa fulani, kitaletwa tarehe fulani, na pesa yote unaitoa pale pale mnapokubaliana. Kwa hiyo si kila anayenunua mapema ni dhalimu. Na bei ikiwa chini kiasi, kwa kuwa yeye ametanguliza pesa, hilo limeruhusiwa. Mkulima asipopata mazao, mnunuzi ana hiari, asubiri au arudishiwe pesa yake ile ile aliyotoa. Pesa yake, si zaidi.

La tatu, mkopo uliovaa kanzu ya biashara. Anakupa elfu hamsini, anasema utanipa magunia matatu, ukikosa mwaka huu mwakani yatakuwa sita. Hii ndugu yangu ndiyo ile riba ya wakati wa ujahilia, muda unaongezwa na deni linaongezwa. Allah ametangaza vita juu ya riba katika Suratul Baqara. Hakuna dhambi ya biashara iliyotolewa onyo la namna ile.

Na lipo jambo la gunia lenyewe. Gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu mpaka linapita urefu wa mtoto, je, hicho ni kipimo kinachojulikana? Mnakubaliana gunia Februari, Juni linakuja gunia na nusu na linaitwa gunia. Ile salam iliyokuwa halali inaharibika pale pale. Watu wa Madyan, kaumu ya Nabii Shuaib (a.s), waliangamia na vipimo vikiwa miongoni mwa madhambi yao. Ukinunua, pima kwa mizani. Na andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni. Ingekuwa jambo dogo isingekuwa ndefu hivyo.

*AKHERA NAYO TUNAIUZA FEBRUARI*

Mpaka hapa nimemtetea mkulima. Sasa nigeuke nijitazame mimi na wewe.

Nimesema mtu anayeshindwa kumsubiri mwanadamu ana udhuru, kwa sababu mwanadamu huvunja ahadi. Lakini Allah je? Amewahi kuvunja ahadi gani? Tunaisoma katika Qur'ani, tunaikiri kwa ndimi zetu, kwamba Yeye havunji miadi. Basi udhuru wetu ni upi?

Adhana ya Alfajiri inaita. Blanketi lina joto, na Misigiri mwezi wa sita mnajua baridi yake. Joto la blanketi ni la sasa, malipo ya Alfajiri ni ya kesho. Umeuza. Unaona jambo la haramu kwenye simu, uko peke yako, raha iko kidoleni. Umeuza. Umekasirika, neno kali liko mdomoni, ukilisema utapoa sasa hivi. Umeuza. Mfanyabiashara anaona njaa ya jirani yake, faida iko mikononi. Amenunua magunia matatu, ameuza kitu ambacho Julai yake hakuna atakayeweza kukikomboa.

Hapo ndipo penye ajabu kubwa kuliko zote. Yule mkulima aliuza kilicho kingi kwa kidogo kwa sababu ya njaa. Mnunuzi aliyeshiba ameuza zaidi yake, na hakuwa na njaa. Ukipiga hesabu ya siku ya Kiyama, aliyepunjwa ni nani? Na imamu aliyezuia bati zake akatoa hadithi, yeye aliuza kitu gani usiku ule?

Dawa ya hili ni yakini. Yakini haiji kwa kukaripiwa. Inakuja kama ile ya watoto wa rangi za kuchorea: kwa kukumbuka ahadi zilizotimizwa. Kaa chini baada ya swala, hesabu mara ngapi Allah alikutoa kwenye shimo ambalo hukuona njia ya kutoka. Mara ngapi ulitoa sadaka kwa moyo mzito na hukufa njaa. Mwenye kukumbuka alivyotimiziwa jana hawezi kushindwa kusubiri kesho.

*TUFANYE NINI?*

Sipendi mawaidha yanayoishia kwenye kulia. Nasema mambo manne.

*Moja.* Mwenye uwezo, toa *qardhi hasana* katika miezi ya njaa. Si sadaka, ni mkopo, unarudi kama ulivyotoka. Elfu hamsini yako ikiwa kwenye simu Januari mpaka Juni itabaki elfu hamsini. Ikiwa kwa ndugu yako, itabaki elfu hamsini na magunia matatu ya mtu yatakuwa yameokoka. Na Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa anayemwondolea muumini dhiki moja ya dunia, Allah atamwondolea dhiki moja ya Siku ya Kiyama. Tafuteni biashara inayoshinda hiyo.

*Mbili.* Mkopaji, rudisha. Rudisha siku uliyosema, na kama huna, njoo useme huna kabla hujatafutwa. Allah amemwamuru mwenye kudai ampe muda aliye katika dhiki, lakini hakumruhusu mdaiwa kuzima simu. Ukiila qardhi hasana ya msikitini, hujamdhulumu aliyekukopesha peke yake. Umewafungia mlango watu kumi waliokuwa nyuma yako.

*Tatu.* Msikiti uwe ghala. Pendekezo langu kwa misikiti ya huku vijijini ni hili: kila nyumba yenye uwezo ilete debe moja wakati wa mavuno. Liwekwe mahali pamoja, liandikwe kwenye daftari, funguo mbili, watunzaji wawili, hesabu isomwe mbele ya watu baada ya Ijumaa. Februari mwenye shida akopeshwe debe, alirudishe debe baada ya mavuno. Asiyeweza kabisa, apewe. Mtu atauliza, na panya je? Na mwizi je? Panya ana dawa yake. Mwizi dawa yake ni daftari lisomwe hadharani. Tafuteni Yusuf wenu, mtunzaji na mjuzi, wala msimchague kwa ukubwa wa kilemba.

*Nne.* Wahubiri wenzangu, tukiambiwa nyumbani hakuna unga, tuanze na unga. Subira tutaifundisha watu wakishakula. Bi Khadija (r.a) alimliwaza Mtume kwa maneno na akampa mali yake pia.

Yule ndugu yangu bado tuko naye saf moja. Mwaka uliofuata mwezi wa pili sikumngoja aje. Nilimfuata mimi. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Sheikh, na bati?" Nikamwambia bati zitasubiri. Mwezi wa sita, kabla hajamlipa mtu yeyote, alileta elfu hamsini yangu imefungwa kwenye kitambaa. Mwaka ule hakuuza hata gunia moja kabla ya wakati wake. Kitu kilichobadilika kati ya mwaka wa kwanza na wa pili hakikuwa subira yake. Subira alikuwa nayo siku zote, mimi ndiye niliyekuwa sina.

Allah atupe yakini ya ahadi Zake, atutoe katika dhiki za madeni, atujaalie tuwe watu wa kuaminiwa, na azibariki mvua na mavuno yetu. Allah awafariji wote wanaolala leo bila unga, na atupe sisi majirani zao haya ya kushiba peke yetu. Amin.

Ukiona kuna kheri ndani ya maneno haya, mfikishie mwenzako. Na kabla hujamfikishia, mtazame jirani yako.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.